Pikapu, Boti na Jina la Fundi Lusajo

Atupele mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za dawa, za kutotembea na simu mkononi stendi, na nani wa kumpigia ukifika Morogoro. Sina cha kuongeza hapo. Nimemsikia tangu mchana akirudia yaleyale, na wewe ukiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kuwa nao. Nimewakimbia, nimekuja kukaa barazani. Mvua imeanza tena kule juu mlimani, na kabla giza halijaingia nataka nikuandikie jambo moja ambalo hatujawahi kulizungumza mpaka mwisho wake. Nusu yake unaijua, kwa sababu ulikuwemo. Nusu nyingine ninayo mimi.

Ni habari ya pikapu.

Ulikuwa darasa la nne nilipoileta nyumbani kutoka Mbeya. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kiwandani kwa bodaboda, na wewe unaijua mvua ya huku. Nilikuwa nafika kwenye mitambo ya chai nikiwa nimelowa mpaka soksi, halafu mtu anatarajia nishike nyaya za umeme. Kwa hiyo ile pikapu haikuwa gari tu kwangu. Siku ya kwanza nilipoipitisha hapa Kisondela nilifungua vioo vyote ingawa kulikuwa na baridi, ili kila mtu aone ni nani anayeendesha.

Wenzangu watatu wa kiwandani walikuwa wanapanda asubuhi na jioni, na swali lao la kwanza likawa lile ambalo kila mwanaume huuliza akiona gari la mwenzake.

"Baba Atu, hili dude linakunywaje?"

"Lita moja, kilomita kumi na mbili," nilijibu.

Namba hiyo nilipewa na aliyeniuzia, na yeye sijui aliipata wapi. Nikairudia kiwandani, nikairudia kanisani, nikairudia msibani, mpaka nikaanza kuiamini kama kitu nilichokiona kwa macho yangu. Watu walikuwa wananisifu. "Baba Atu ana mguu mwepesi," walisema. Nami nikapenda kuwa mtu mwenye mguu mwepesi.

Kisha wewe ukaingia kidato cha pili, ukawa unapanda nasi asubuhi mpaka Tukuyu. Siku moja nikiwa katikati ya kujisifu ukauliza, kwa adabu kabisa, "Baba, umepimaje?"

"Nimeendesha miaka yote hii, nipime nini tena?"

Hukubisha. Lakini Jumatatu iliyofuata tulipofika sheli ulimwomba yule dada wa pampu ajaze tangi mpaka dizeli ionekane shingoni, ukarudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri, ukaniambia niendeshe kama kawaida yangu. Wiki moja baadaye tukarudi pampu ileile. Ukanilazimisha nisimame palepale, gari likiangalia kulekule, kwa sababu ulisema pakiinama tangi linadanganya. Ukachukua kilomita tulizotembea, ukazigawa kwa lita zilizoingia.

"Nane, baba."

"Umekosea."

Ukarudia wiki ya pili. Nane. Wiki ya tatu, nane na kitu kidogo.

Unakumbuka nilisema nini mbele ya wale wenzangu? Mimi nakumbuka. Nilisema, "Watoto wa siku hizi, wakijua kugawanya wanadhani wanajua gari." Wakacheka. Wewe ukageuka ukaangalia migomba inavyopita dirishani. Nilikuona, binti yangu, na nikaendelea kucheka.

Mtu mwingine angeacha. Wewe ulianza kutafuta ile dizeli inapotelea wapi. Ulikuja kuniambia kwamba kila asubuhi nawasha injini halafu narudi ndani kunywa chai, na gari linakula likiwa limesimama. Kwamba safari yangu ni fupi, injini haijapata hata joto la kutosha ninaizima, kisha jioni naanza upya. Kwamba matairi yamelegea. Kwamba lile keria la chuma juu ya kichwa nililolifunga kwa urembo linashindana na upepo bila kubeba kitu. Na kule nyuma nilikuwa nimebeba mota mbovu ya kiwandani mwaka mzima, nikisema nitaitengeneza. Wewe na mama yako mliishusha mota hiyo mkiwa mmeishika huku na huku, mkaiviringisha mpaka nyuma ya banda la nguruwe. Mwezi uliofuata tukapata tisa na nusu.

Kiwandani niliwaambia nimefanya sevisi.

Naandika hili la mota na keria kwa sababu linaonekana dogo. Lakini ndilo lililozaa lile kubwa. Baada ya hapo nilijua moyoni kwamba namba yangu ni ya uongo, na bado nilitaka kubaki mtu mwenye mguu mwepesi.

Ndipo Mzee Gwamaka akanitafuta. Unajua jinsi watu wa Tukuyu walivyokuwa wakimtania, mtu anayejenga boti juu ya milima, wakimwita Nuhu. Yeye alikuwa akicheka nao, anaendelea kupaka faiba. Watu wa Matema walizipenda boti zake, tatizo lilikuwa kuzifikisha ziwani. Alikuwa na trela la magurudumu mawili alilolichomelea mwenyewe, lisilokuwa na breki zake, na alitaka mtu wa kulivuta siku za Jumamosi. Aliniambia, "Baba Atu, nasikia gari lako halina njaa." Akanipa dumu kubwa la dizeli kwa kila safari. Na mimi, ili kulinda lile jina, nikataka kila mara nirudi na dumu lina kitu ndani.

Lakini boti, mwanangu, si mzigo wa kuficha. Uzito wake si mkubwa sana, ila ule upana unakamata upepo kama mlango uliofunguliwa. Ukiivuta kwenye barabara ya tambarare kule Kyela unaisikia pikapu ikivuta pumzi. Ulipopima kwa siri safari ya kwanza, kwenda na boti na kurudi na trela tupu, ulipata sita kwa lita. Hukuniambia wakati ule. Uliniambia baadaye sana, tulipokuwa tunaweza kuambiana.

Basi nilitafuta njia yangu. Kutoka Tukuyu kwenda chini ni mteremko mrefu, na mimi nikajiambia: kwa nini nichome mafuta kushuka wakati mlima wenyewe unanisukuma? Nikawa natia nyutro, gari linateremka lenyewe bila gia. Nilikuwa naona kama nimepata siri. Sikumwambia mtu. Fundi Lusajo, ambaye ndiye aliyekuwa akiitengeneza pikapu tangu siku ya kwanza, alikwisha kunionya mara mbili. "Ukishuka na trela, gia ya pili au ya tatu, Baba Atu. Breki ni za kusimamia, si za kushukia." Nilimjibu ndiyo fundi, ndiyo fundi, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Siku yenyewe ulikuwa likizo, kidato cha tatu, na uliniomba uende kuona ziwa. Lusajo alikuwa amebadilisha pedi za breki siku mbili kabla. Tulitoka na ukungu, boti ya bluu nyuma yetu, na wewe ulikuwa umebeba maparachichi ya kumpelekea yule mama mwenye chakula Matema. Tulipoanza kuteremka nikasogeza mkono, nikatia nyutro. Ukaangalia ule mkono wangu, ukaniangalia usoni.

Breki nilizikanyaga mwanzo kidogo, kisha sana, kisha muda wote. Nikasikia harufu. Nikajiambia ni ya lori lililotutangulia. Halafu pedali ikazama chini kama nimekanyaga matope, na nilipotazama kioo boti ilikuwa inatusukuma, pua yake ikipanda na kushuka.

"Baba, gia!" ulisema. Hukupiga kelele. Ulisema kama unavyoniambia chai iko mezani.

Nilijaribu kuingiza, ikagoma, ikasaga meno. Mbele kwenye kona kulikuwa na mama mmoja aliyepanga ndizi zake pembeni ya barabara. Nilimwona akisimama. Nilimwona akiangalia ndizi, kisha akiangalia sisi, akichagua. Mungu amsaidie, alichagua vizuri, alirukia mfereji. Jaribio la pili gia ikaingia, injini ikapiga yowe, na mimi nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Tulikwangua ule ukingo, sijui kwa urefu gani, mpaka tukasimama. Trela likapinduka. Boti ya Mzee Gwamaka ikalala ubavu juu ya ndizi za yule mama, na pua yake ikapasuka.

Wewe ulishuka kabla yangu. Hukuja kuniuliza kama nimeumia, ulikwenda mferejini. Ulimshika yule mama mkono, ukamtoa, ukawa unamfuta matope huku ukimwambia pole kwa Kinyakyusa changu na cha bibi yako, ambacho kila siku unadai hukijui. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani.

Watu wakajaa. "Imekuwaje, imekuwaje?" Nami nikasikia sauti yangu ikisema: "Breki zimekufa. Fundi hakuzifunga vizuri."

Sikuwa nimeipanga sentensi hiyo. Ilitoka yenyewe, kama kitu kilichokuwa kinasubiri. Na ulipogeuka ukiwa bado umemshika yule mama, nilijua umeisikia.

Nilijua pia kwamba ningeweza kuirudisha palepale. Dakika ile ingenigharimu aibu ya watu kumi na tano wasionijua. Niliiacha ipite. Ile sentensi ikapanda mlima kabla yetu. Tulipofika Tukuyu jioni, bodaboda wa stendi walikuwa tayari wanaijua. Mzee Gwamaka alisema hatapeleka tena hata baiskeli kwa Lusajo. Wenzangu wa kiwandani walisema Mungu mkubwa. Mchungaji aliniombea mbele ya kanisa zima, nikasimama, nikainamisha kichwa.

Lusajo alikuja nyumbani siku ya tatu. Wewe ulikuwa jikoni. Aliomba kuona gari, akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema polepole, "Pedi zimeungua, Baba Atu. Zimeungua zote. Hazikulegea." Nikamwambia mimi si fundi, mimi najua nilichokiona. Alinitazama. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana watoto watatu, na alikuwa amevaa shati safi kwa ajili ya kuja kwangu. Akasema haya, akaondoka.

Wiki mbili hukunisema. Ulinisalimia, ulinipa maji ya kunawa, ulipanda gari ukashuka. Kisha jioni moja ulinikuta nyuma ya nyumba nikikata majani ya ng'ombe. Maneno yako nayakumbuka moja moja.

"Baba, leo nimepita pale gereji. Hakuna gari hata moja. Fundi amekaa peke yake, anafuta spana ambazo ni safi."

Nikaendelea kukata.

"Sitasema kwa mtu. Wewe ni baba yangu. Lakini nataka kujua kama utasema mwenyewe, ili nijue jinsi ya kumsalimia nikipita kesho."

Hilo tu. Ukachukua mzigo wa majani niliyokwisha kukata, ukaondoka nao.

Atupele, nimekemewa na wakubwa zangu, nimehubiriwa, nimechapwa na marehemu babu yako kwa fimbo ya mlonge. Hakuna aliyenifikia pale ulipofika wewe na swali la salamu. Na ulikuwa na miaka kumi na sita.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimpitia Mzee Gwamaka karakanani, nikamwambia twende mahali. Njiani nikawakuta wawili kati ya wale wenzangu, nikawachukua na wao, kwa sababu nilijua nikibaki na mtu mmoja nitapunguza maneno. Tukamkuta Lusajo kama ulivyosema, kwenye kiti, na kitambaa mkononi. Nikasimama mbele yake nikasema yote. Nyutro, harufu, onyo lake la mara mbili, na ile sentensi.

Nusu usiyoijua inaanzia hapa, maana mimi nilikuambia tu kwamba nimekwenda na yamekwisha. Hayakwisha hivyo.

Lusajo hakukasirika kwanza. Aliuliza, "Uliweka nyutro ili upate nini?"

"Kupunguza mafuta."

Kisha akacheka, kicheko kibaya, machozi yakimtoka. "Baba Atu, gari likishuka kwenye gia na wewe hujakanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Haili kitu. Ukitia nyutro ndipo inapolazimika kula mafuta, ili isizime. Umeniharibia jina kwa kitu ambacho hakipo."

Mzee Gwamaka aligeuka akaangalia ukuta. Wale wenzangu wa kiwandani, waliokuwa wakiniita mguu mwepesi, hawakujua waangalie wapi. Mimi nilikaa chini, pale kwenye oili iliyomwagika, na suruali ya kazini. Karibu nikuue, mwanangu, na nilikaribia kumuua mama wa watu, na siri niliyokuwa nikijivunia ilikuwa inakula zaidi, si kidogo.

Lusajo hakunisamehe siku ile. Alisema, "Nenda kwanza." Ilinibidi nipite mwenyewe kwa kila mtu niliyemwambia, na kwa wengine ambao sikuwaambia lakini walisikia. Wapo walioniamini, wapo waliodhani fundi amenilazimisha. Nilisimama tena kanisani, safari hii bila kuombewa kwanza. Yule mama wa ndizi nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipokubali kunisikiliza. Magari yalianza kurudi gereji moja moja, na mengine hayajarudi mpaka leo. Ukiharibu jina la mtu unaweza kulirudisha, ila halirudi lote. Hilo ndilo ninalolijua kuliko umeme.

Kilichofuata ulikuwemo. Boti ilipotengenezwa uliwafuata Mzee Gwamaka na Lusajo, waliokuwa bado wakibishana kama gari likishuka kwenye gia linakula mafuta, ukawaambia mnataka kujua au mnataka kubishana? Tukapanda wanne. Lusajo akaendesha, wewe ukajaza tangi mpaka shingoni. Tulishuka kwenye gia mteremko wote, injini ikiunguruma kama ng'ombe dume anayejizuia, na breki Lusajo alizigusa kwa ncha ya kiatu. Malori yalitupita yakitupigia honi. Chini ya mlima ukajaza tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikiangalia namba za pampu zinavyosogea. Zilisogea kidogo, zikasimama. Dizeli ilikuwa imefika shingoni.

"Hiyo tu?" aliuliza Mzee Gwamaka.

"Hiyo tu," ulisema, na hukunitazama. Ulikuwa na haki ya kunitazama, nami nilikuwa nimejiandaa. Ukamgeukia Lusajo ukauliza kwa nini sauti ya injini ilibadilika pale kwenye kona ya pili. Akaanza kukueleza, ukaanza kuuliza zaidi, na mlipofika Matema mlikuwa bado mnaongea, mimi na mzee tumekaa nyuma tumesahaulika. Boti ilishuka majini bila mimi kushika kamba.

Nilitaka uwe muuguzi, kama shangazi yako wa Igogwe. Nilikuwa nimekwisha kumwambia. Lusajo alipokuja kuniomba uwe unashinda gereji wakati wa likizo, nilikubali kwa sababu nilikuwa na deni la heshima kwake, si kwa sababu nilikuona. Nisamehe hilo pia. Nilikuja kukuona baadaye, nilipopita siku moja nikakuta lori limefunguliwa, na wanaume wanne wazima wameinama, na wewe unawaambia subirini, sikilizeni injini kwanza. Wakanyamaza. Nikarudi nyuma taratibu ili nisikukatize.

Kule chuoni unakokwenda watakufundisha vitu ambavyo mimi na Lusajo hatuvijui. Utakutana na watu wenye namba za kusema, kama zangu. Wengine watakucheka ukiwauliza wamepimaje. Sina ushauri wa kukupa juu ya hao, umekwisha kunishinda mimi niliyekuwa mgumu kuliko wote, na ulinishinda bila kuniangusha mbele za watu. Sijui ulijifunza wapi. Si kwangu.

Ninachoweza kukupa ni hiki tu: siku nawe utakapokosea, na utakosea, usisubiri wiki mbili. Ile dakika ya kwanza, watu wakiwa bado wanauliza imekuwaje, ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa haionekani hivyo. Mimi niliipita, na kila hatua baada ya hapo ilikuwa kupanda mlima.

Mama yako ananiita sasa, chakula kiko tayari, na wewe nakusikia unacheka naye. Barua hii nitaiweka ndani ya ile sweta ya kijani, uikute ukiwa umekwisha kufika.

Kesho stendi mama yako atalia kwa ajili yetu wote wawili. Mimi utaniona nazunguka basi, nagonga matairi, nauliza dereva maswali yasiyo na maana. Usidhani sikuoni. Nitakuwa natafuta mahali pa kuweka uso, kwa sababu sitaki watu wa Tukuyu wanione ninavyojivuna.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umekuwa mtoto mwema kwa baba aliyechelewa kufahamu.

Baba yako
Kisondela